Pikipiki ya zamani haifi barabarani, inafia stoo

Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo vipi. Akina dada mliokuja karibuni sana, na nitawagusia huko mbele manake historia ya hizi mashine ina wanawake wa kutajwa.

Najua wengi mmekuja na pikipiki zenu ziko hapo nje na roho ziko huko huko, kwa hiyo sitazunguka. Nina neno moja tu leo na mengine yote yatakuwa yanalizunguka hilo hilo: pikipiki ya zamani inatakiwa itembee. Sio isuguliwe ing'ae alafu ifunikwe turubai, itembee. Mtu akiniuliza ni kitu gani kimeua pikipiki nyingi za zamani namwambia sio barabara, ni stoo.

Ngoja nieleze manake kuna watu wanaamini kabisa kwamba kuiweka ndo kuitunza. Ukiiacha imesimama miezi, petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inavukia taratibu, kinachobaki ni utando wa kahawia unaonata, na huo utando unaenda kuziba ile jeti ndogo kuliko zote, yaani kile kitundu cha kupimia petroli, ile inayolisha injini ikiwa inaunguruma yenyewe bila kupigwa resi. Kama petroli yako ina ethanoli, ile spiriti inayochanganywa humo, na siku hizi sehemu nyingi inayo, basi inavuta unyevu wa hewani, ikishiba maji yanajitenga yanakaa chini ya tenki, na tenki za zamani ni za chuma kwa hiyo kutu inaanzia hapo hapo chini usipopaona. Ethanoli hiyo hiyo inalainisha mipira na mipaipu iliyotengenezwa enzi ambazo hakuna aliyekuwa na habari nayo. Betri ikikaa bila chaji bamba zake zinaota salfeti, zikishaota sana hairudi. Sili za mpira zinakauka, tairi inapata ubapa pale ilipolalia, ringi za pistoni zinashika kutu na silinda, na siku unakuja kupiga kiki unakuta kiki ni ngumu kama mwamba, injini imegoma kuzunguka kabisa. Hayo yote yametokea na pikipiki haijaenda hata kilomita moja.

Sa kuna wale wanasema mi siiachi kabisa, kila wiki naiwasha dakika tano alafu nazima. Ndugu zangu hapo nawaomba mnisikilize vizuri. Kila lita ya petroli inayoungua inatoa karibu lita nzima ya maji, yanatoka kama mvuke. Injini ikiwa imepata moto sawasawa mvuke unatoka zake kwa ekzosi na kwa bomba la kupumulia, lakini ukiwasha dakika tano ukazima, chuma bado ni baridi, mvuke unageuka maji humo humo ndani, unaingia kwenye oili, unakaa ndani ya sailensa unaitoboa kutokea ndani kwenda nje. Bora usiiwashe kabisa kuliko hiyo ya dakika tano. Ukiwasha, panda, nenda, mpaka injini yote imepata moto wa kweli, nusu saa hivi ya mwendo, ndo urudi.

Kabla sijaendelea, pikipiki ya zamani ni ipi hasa? Lile shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lenyewe linasema chombo kiwe na miaka isiyopungua 30, kimehifadhiwa katika hali inayolingana na historia yake, na kisiwe ndo usafiri wako wa kila siku. Kule Uingereza kuna klabu ya wapenzi wa pikipiki za kale iliyoanzishwa mwaka 1946, na kuna safari inaitwa Pioneer Run, tangu 1930, ambayo wanaoshiriki ni pikipiki zilizotengenezwa kabla ya 1915 tu. Hebu fikirieni, mashine zenye zaidi ya miaka mia na bado zinatembea barabarani, tena nyingine gia hazina kabisa. Kwangu mi mwaka sio hoja kubwa. Hoja ni kwamba hii ni mashine unayoweza kuielewa kwa macho na mikono. Ina platini, ina kabureta, ina waya za kuvuta breki na klachi, hakuna kompyuta inayoficha kitu. Iwe ni Honda Super Cub ambayo ilianza 1958 na mpaka 2017 zilishatengenezwa zaidi ya milioni 100, iwe ni Triumph Bonneville ya 1959, iwe ni BMW ya silinda mbili zilizolala huku na huku kama ile R32 aliyoichora Max Friz mwaka 1923, kanuni ni zile zile: hewa, petroli, cheche kwa wakati wake, na oili.

Haya, unaanzia wapi? Hapa ndo naona watu wengi wanakosea mpangilio. Mtu kapata pikipiki ya zamani, kitu cha kwanza anatafuta rangi na kromu. Hapana jamani. Anza na vitu vinavyokufanya ubaki hai. Tairi kwanza. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri tu na bado imekufa, manake mpira unazeeka hata usipotembea, unakuwa mgumu, unapasuka nyufa ndogo ndogo pembeni. Angalia ubavuni kuna alama ya tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yaani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta ni tarakimu tatu ujue tairi ni ya kabla ya mwaka 2000, usijiulize mara mbili, itoe. Na tyubu badilisha pamoja na tairi, usirudishe tyubu kuukuu. Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo, iliyokazwa inalia, iliyolegea inatoa sauti butu, huhitaji kifaa chochote zaidi ya sikio.

Alafu breki. Nyingi ya hizi ni breki za ngoma, drami, ndani kuna viatu viwili vinatanuka. Fungua uone. Lakini lile vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, bitana, yaani ule utando wa kushikia uliobandikwa kwenye viatu, za zamani zilikuwa na asbesto na asbesto inaua mapafu, sio maneno ya kutishana. Lowanisha kwa maji, pangusa kwa tambara bichi, tambara litupe. Angalia bitana zimebandikwa bado au zimeanza kuachia, manake gundi ya miaka 50 inaweza kuachia siku yoyote na bitana ikijikunja mule ndani gurudumu linafunga ghafla. Waya wa breki uvute uone kwenye kile kichwa cha risasi mwishoni, nyuzi zikianza kuchanika pale, hata moja tu, waya mpya. Ukimaliza kufunga, kabla hujakaza nati ya ekseli ya mbele, bana breki kwa nguvu alafu kaza ukiwa umeibana, viatu vinakaa katikati sawasawa, utashangaa breki inavyobadilika.

Cheni nayo, sitakaa sana hapo, mnajua wenyewe. Klipu ya ile pingili ya kuunganishia, upande uliozibwa ndo utangulie kule cheni inakoelekea. Ukiiweka kinyume itachomoka.

Sasa tuje kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote, platini. Najua kuna vijana hapa hawajawahi kuiona. Platini ni swichi tu, vipande viwili vya chuma vinagusana na kuachana, kuna kamu inazunguka inavisukuma. Vikigusana umeme unapita kwenye koili, vikiachana tu ule umeme unakatika ghafla na ile kukatika ghafla ndo inazaa volti maelfu kwenye koili na cheche inaruka kwenye plagi. Kwa hiyo cheche inatokea pale platini INAPOACHANA, sio inapogusana, hilo ukilielewa umeelewa taiming yote, yaani wakati cheche inaporuka. Nafasi ya platini ikiwa wazi kabisa kwenye pikipiki nyingi ni kati ya milimita 0.3 na 0.4, lakini fuata kitabu cha pikipiki yako. Na muhimu, weka nafasi kwanza ndo uweke taiming, usigeuze, manake ukigusa nafasi umegusa taiming. Nafasi ikipungua platini inachelewa kuachana, cheche inachelewa, injini inakuwa nzito na inachemsha. Ikizidi, cheche inawahi.

Na kwa nini nafasi inapungua yenyewe? Kale kakisigino kanakosugua kamu kanalika. Kuna kipande cha sufi pale kinatakiwa kiwe na mafuta kidogo, nasema kidogo, tone moja mbili, ukimimina yatarukia kwenye platini na hapo umeua cheche. Watu wengi hawajui hata kama hiyo sufi ipo, wanabadilisha platini kila mara alafu wanasema za siku hizi ni mbovu. Kweli nyingine ni mbovu, lakini sufi kavu inamaliza hata platini nzuri.

Kuna ugonjwa mmoja unasumbua watu mno kwa hiyo niuseme. Pikipiki inawaka vizuri asubuhi, inaenda kilomita kadhaa, inaanza kumisi, inazima. Unasimama unahangaika, unafungua kabureta, unapuliza, unafunga, unapiga kiki inawaka, unasema aah ilikuwa kabureta. Haikuwa kabureta! Ilipoa tu wakati unahangaika. Mara nyingi hiyo ni koili au kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia platini zisirushe cheche, vinagoma vikipata moto. Siku ikizima hivo, kabla haijapoa, chomoa plagi, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda, mwambie mwenzako apige kiki. Cheche ikiwa hakuna au ni ya njano dhaifu achana na kabureta. Na ukiona platini zenyewe zinatoa cheche kubwa ya buluu na zimeungua nyeusi, mshuku kondensa kwanza. Kwa maoni yangu nusu ya kabureta zinazofunguliwa duniani hazikuwa na kosa.

Umeme wa hizi pikipiki una sifa mbaya lakini mwingi ni uonevu tu. Nyingi ni volti 6. Sa kwenye volti 12 ukipoteza volti moja njiani kwa sababu ya kutu kwenye maungio huoni sana, kwenye volti 6 volti moja ni moja ya sita ya umeme wote, taa inakuwa ya kuomba. Kwa hiyo dawa ya kwanza sio kubadili mfumo wote, dawa ni kusafisha maungio, na hasa ethi, pale waya unapofungwa kwenye fremu kwangua rangi mpaka uone chuma. Alafu mwenye pikipiki ya Kiingereza ya zamani aangalie, Triumph, BSA na Norton nyingi za miaka hiyo ethi yake ni CHANYA, ukifunga betri kwa mazoea ya kwamba hasi ndo inaenda kwenye fremu unaunguza rektifaya, kile kinachogeuza umeme wa kuchaji betri, papo hapo.

Na wale wa kufunga mfumo wa kielektroniki badala ya platini, mi sigombani na nyie. Ni mzuri, cheche haibadiliki, wapandaji wa safari ndefu wanaupenda. Naomba jambo moja tu, kile ulichotoa kifunge kwenye kopo, andika jina la pikipiki, kiweke. Mfumo wa kielektroniki ukifa njiani umekufa, hakuna cha kukwangua. Platini utaipiga msasa utafika.

Kabureta ikiwa kweli ndo mgonjwa, basi usichokonoe jeti kwa waya wa chuma. Jeti ni shaba nyeupe laini, tundu lake limepimwa, ukilitanua kidogo tu mchanganyiko umeharibika na hutaona kwa macho. Tumia dawa ya kusafishia, upepo, ikishindikana unywele wa brashi wa nailoni. Angalia boya, litikise karibu na sikio, ukisikia kitu kinacheza ndani lina tundu limekunywa petroli, ndo sababu kabureta inafurika. Alafu kabla hujagusa skrubu yoyote ya nje angalia kama hewa haiingii pale kabureta inapoungana na silinda. Plagi itakusomea mengi, nyeusi yenye masizi makavu mchanganyiko umezidi petroli, nyeupe kama chaki hewa imezidi na hapo usiendelee kukimbia nayo manake pistoni iko hatarini, kahawia ya kijivu hivi umepatia.

Oili. Hapa ugomvi hauishi, mi nasema ninavyoona. Injini nyingi za zamani hazikuwa na filta ya karatasi, zilikuwa na wavu tu, na baadhi ndani ya krenki kuna mtego wa kushika tope, uchafu unatupwa humo kwa nguvu ya mzunguko. Oili za kisasa zina sabuni ya kuulegeza uchafu na kuubeba. Kama injini imefunguliwa na mtego umesafishwa, tumia oili ya kisasa bila wasiwasi, 20W-50 inazifaa nyingi. Kama hujui imefunguliwa lini mara ya mwisho, usianze tu kumimina oili yenye sabuni kali, tope la miaka litaanza kutembea na njia za oili ni nyembamba. Klachi yako kama inaoga oili moja na injini tafuta yenye alama ya JASO MA, zile za magari zenye vitu vya kupunguza msuguano zinaweza kufanya klachi iteleze. Na usihesabu kilomita tu, hesabu na muda, pikipiki isiyotembea sana oili yake inachafuka na maji na asidi hata kama kilomita hazijafika.

Wenye injini zenye tenki la oili pembeni, zile za Kiingereza hasa, jambo hili ni la kushika. Ikisimama muda mrefu oili inapenya kwenye pampu inashuka yote chini kwenye krenki. Unakuja unafungua tenki unaona oili iko chini, unaongeza. Ukiwasha ile ya chini inarudi juu, tenki linafurika, oili inatapakaa kila mahali alafu watu wanasema pikipiki za Kiingereza zinavuja. Washa kwanza, iache izunguke dakika moja mbili, uone oili inarudi tenkini, ndo upime.

Na wenye tu-stroku mnaochanganya oili kwenye petroli, kuna kitu hakisemwi vya kutosha. Ukishuka mlima mrefu umeachia resi kabisa na gia imeshika, injini inazunguka kwa kasi lakini petroli inayoingia ni kidogo mno, na oili ndo inakuja na petroli, kwa hiyo pistoni inasugua kavu. Piga resi kidogo kidogo ukiwa unashuka au kamata klachi kila baada ya muda. Pistoni nyingi zimenasa kwenye miteremko, sio kwenye milima ya kupanda.

Spana nigusie tu. Za Kijapani na za Ujerumani ni za milimita. Za Kiingereza za zamani ni Whitworth, kipimo alichokileta Joseph Whitworth mwaka 1841, na namba iliyoandikwa kwenye spana ni unene wa bolti sio upana wa kichwa, ndo mana watu wanachanganyikiwa. Ukilazimisha spana ya milimita unaviringa kichwa cha nati. Na zile skrubu za msalaba kwenye Honda na Yamaha na Suzuki za zamani sio msalaba wa kawaida, zina kipimo chao cha Kijapani, JIS, bisibisi yake ipo inauzwa, ukiipata skrubu zitaacha kuharibika mikononi mwako.

Sasa kupanda. Kuwasha pikipiki kubwa ya silinda moja ni adabu yake. Fungua petroli, kama kabureta ina kile kitufe cha kubonyeza bonyeza mpaka petroli ichungulie, kama ina wenzo wa taiming kwenye usukani rudisha nyuma cheche ichelewe, manake cheche ikiwahi wakati unapiga kiki pistoni inarudi kinyume na kiki inaupiga mguu, watu wamevunjika vifundo. Sukuma kiki taratibu mpaka uhisi imegota kwenye kompresheni, nyanyua ule wenzo wa valvu unaoachia kompresheni, ipitishe kidogo tu, achia, rudisha kiki juu, alafu teremka nayo mpaka chini kwa uzito wa mwili mzima, bila kusita katikati. Nguvu za mguu sio kitu, ni mpangilio. Nimeona wazee wembamba wakiwasha kwa kiki moja na vijana wa misuli wakatoka jasho.

Gia pia chunga. Pikipiki za Kiingereza mpaka miaka ya 1970 gia ilikuwa mguu wa KULIA na breki kushoto, na nyingine namba moja ni kupandisha juu na zilizobaki kushusha. Ni sheria ya Marekani ya katikati ya miaka hiyo ya 70 iliyofanya wote wahamie kushoto. Kichwa kinajua hilo lakini kwenye dharura mguu unafanya ulichozoea, utakanyaga gia ukidhani ni breki. Kwa hiyo ukibadilisha pikipiki nenda kwanza sehemu tupu, fanya breki za ghafla nyingi mpaka mguu wenyewe uelewe, ndo uingie kwenye magari.

Breki za ngoma zina ukomo, zikipata moto zinaishiwa nguvu, zikilowa zinachelewa kushika. Ile Honda CB750 ya 1969 ilipokuja na breki ya diski mbele kutoka kiwandani ilikuwa ni habari kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Wewe wa ngoma acha nafasi mbele yako mara mbili ya unayoacha kwa pikipiki ya kisasa, gari likiingia hapo kwenye nafasi yako rudi nyuma tena, usikasirike. Shuka na gia ikusaidie. Ukipita kwenye maji kamata breki kidogo huku unaendelea na mwendo zikauke. Na taa zako ni hafifu, wenye magari hawakuoni, vaa kitu kinachoonekana.

Ukiwa unaenda, sikiliza. Sisemi hivo kupamba maneno. Sauti mpya ni taarifa, tiki tiki juu kichwani ni nafasi ya valvu, kugonga kuzito chini ukipiga resi ni beringi, mlio kama wa changarawe ukipandisha mlima ni cheche imewahi. Ukisimama kupumzika gusa haraka kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma kwa kiganja, kimoja kikiwa cha moto kuliko kawaida breki inashika au beringi imeisha. Ndo mana nasema pikipiki iliyofungiwa huwezi kuitunza hata ukiwa na spana zote za dunia, manake haikwambii kitu, inakwambia ikiwa inatembea tu.

Vitu vya kubeba ni vichache. Plagi, klipu na pingili ya cheni, platini na kondensa, fila geji ya kupimia nafasi ya platini, kipande cha waya wa umeme, balbu, tyubu. Waya wa klachi wa akiba usiubebe kwenye begi, ulaze kabisa pembeni ya ule unaotumika, uufunge pamoja nao, ule ukikatika unahamisha ncha mbili tu unaondoka.

Na msiniambie kwamba hizi mashine haziwezi safari. Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili, mwaka 1934 waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya cc 600, na gari la pembeni na trela nyuma, wakavuka Sahara, mwaka 1935 wakafika Cape Town. Pikipiki yao wakati huo ilikuwa mpya, sawa, lakini teknolojia ni hiyo hiyo mliyoipaki hapo nje, na waliokuwa wanaitengeneza njiani walikuwa ni wao wenyewe. Kwa hiyo dada ukiambiwa hii ni michezo ya wanaume, mtajie hao.

Kuhusu kung'arisha, naomba niseme wazi ninachoamini. Rangi ya kiwandani iliyochoka inaweza kuwa ya asili mara moja tu, ukiikwangua haitarudi tena. Kama fremu haijaoza na tenki halivuji, iache. Safisha, paka nta, simamisha kutu, panda. Pesa iliyokuwa iende kwenye kromu ipeleke kwenye tairi, beringi na waya.

Na kama ni lazima uiache, labda unasafiri au unaumwa, basi iache kwa utaratibu. Badilisha oili KABLA ya kuiacha sio baada, manake oili chafu ina asidi inayokula beringi. Kausha bakuli la kabureta. Tenki la chuma ama lijaze mpaka juu ama likaushe kabisa, usiliache nusu. Betri itoe uichaji mara kwa mara. Magurudumu yanyanyue yasiguse chini. Kila mwezi zungusha injini kwa mkono, gia ya juu, plagi imetolewa. Na weka daftari, kila ulichogusa andika tarehe na kipimo, siku ikienda kwa mtoto wako au kwa mtu mwingine liende nayo, manake anayepokea pikipiki bila daftari anaanza kuifungua upya yote.

Nimemaliza upande wangu. Aliyekuja na pikipiki inayomisi ikipata moto akaiwashe mpaka ipate moto, twende nje sasa hivi tukaangalie cheche kabla haijapoa, maswali mengine tutajibiana huko huko.